Kabla Hujafungua Kanisa Rungwe

Mtu aliyetoka chuo cha Biblia akiitazama Wilaya ya Rungwe huona mengi ya kumvutia. Watu wamekaa karibu karibu, lami inapita Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, wakulima wana chai, ndizi na parachichi, na Jumapili asubuhi kila njia ina watu wenye Biblia mkononi. Ndugu huyu anapanga kufungua kanisa. Anatafuta vitabu vya mafunzo, na vingi anavyovipata viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye Wakatoliki wengi, Brazil kwa mfano, ambako Mprotestanti ndiye aliyeingia nyuma. Anaona havimhusu, anaviweka kando.

Vinamhusu, ila avisome kwa kuvigeuza. Rungwe kanisa la mababu ni la Kiprotestanti. Anachokutana nacho Mpentekoste anayehamia Kiwira ndicho anachokutana nacho Mmoravian anayehamia Sumbawanga: kanisa ambalo bibi alibatizwa humo, babu alizikwa nalo, na shule ya kwanza ilijengwa nalo. Kule magharibi wamisionari Wakatoliki, White Fathers, waliishika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Huku Wamoravian na Misheni ya Berlin walifika 1891. Majina ya makanisa yanatofautiana, lakini mgeni anabisha hodi kwenye nyumba ya namna ileile.

Niseme mapema ninachoamini, ili mwenye haraka asipoteze muda. Kanisa jipya Rungwe hupimwa msibani. Mkutano wa injili utajaza uwanja, maombezi yatawaleta wagonjwa, kwaya itawaleta vijana, na bado wazee watasubiri kuona utafanya nini siku mtu wako wa kwanza atakapofariki. Ukishindwa siku hiyo, miaka yako mitatu ya kazi inaondoka na jeneza. Mengi nitakayoshauri hapa yanatokana na hilo, hata yale ya kiwanja na katiba.

Lakini anza na historia, maana wenyeji wanaijua na watakupima kwayo. Wamoravian wa kwanza waliopanda kutoka Ziwa Nyasa walikuwa wanne, akiwamo Theodor Meyer. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo wa 1891 kabla kituo hakijajengwa. Waliobaki wakajenga chini ya Mlima Rungwe, baadaye Rutenganio na kwingineko. Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, ilikwenda upande wa mashariki, Manow na Mwakaleli. Wakagawana nchi: mashariki ya Waberlin, magharibi ya Wamoravian. Mgawanyo ule wa wamisionari wa Kijerumani bado unaonekana leo, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ukitajiwa kijiji cha mtu unaweza kukisia kama kwao ni KKKT (Walutheri) au Moravian. Wakatoliki nao walijenga kazi yao, hata Tukuyu ikafanywa makao ya eneo la kimisionari mwaka 1932, kabla ya Mbeya kuchukua nafasi hiyo. Jimbo la Mbeya likapandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2018, na hospitali yao ya Igogwe inatibu watu wa madhehebu yote.

Wala usidhani wewe ndiye wa kwanza kuleta kitu kipya. Katika miaka ya 1930 African National Church, lililotoka Nyasaland (Malawi ya leo), lilikuwa tayari na matawi Rungwe. Lilipokea wanaume wenye wake wengi ambao misheni zilikuwa zimewaweka nje. Walioliongoza walikuwa Waafrika waliosoma katika shule za misheni. Baadaye wakaja Wabaptisti, wakaja Wapentekoste. Mzee wa miaka 80 pale Katumba ameshaona makanisa mengi yakifunguliwa na mengine yakifa. Atakupokea kwa adabu, atakupa ndizi, na hatakuamini.

Hatua ya kwanza basi ni kutembea. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu 1967, kwa hiyo takwimu unazoonyeshwa za asilimia ngapi wameokoka na asilimia ngapi bado ni makadirio ya aliyeziandika. Chukua kijiji kimoja, tembea vitongoji vyake vyote kwa miguu, andika kila jengo la ibada, saa zake za ibada, na watu wanaoingia. Muulize mwenyekiti wa kitongoji. Waulize waendesha bodaboda, hao ndio wanaojua nani haendi kokote, maana Jumapili wanakuwa kazini. Fanya hivyo wakati wa masika pia, siyo Julai tu. Njia inayopitika kwa pikipiki mwezi wa nane inaweza kuwa tope la kufika magotini mwezi wa nne, na watu wa bondeni hawataipanda hata kama mahubiri ni matamu.

Ukimaliza kutembea, jibu swali moja kwa maandishi: nimekuja kwa ajili ya nani? Kama jibu ni «washirika wa Moravian waliopoa», basi unafungua tawi la manung'uniko. Watu hao watakuja haraka, wengi wao wakiwa na ugomvi na mzee wa kanisa fulani, na ugomvi huo watauhamishia kwako kabla mwaka haujaisha. Wapo watu wengine ambao makanisa makubwa hayawafikii vizuri, na wenyewe wanalijua hilo. Wachuma chai waliotoka mikoa mingine na hawana ukoo hapa. Vijana wanaopakia ndizi kwenye malori usiku. Wasichana waliozaa nje ya ndoa wakatengwa, wakaona aibu kurudi. Wake wa pili na wa tatu. Walimu na wauguzi waliopangiwa kazi Tukuyu na hawajui Kinyakyusa, huku ibada ya kijijini ikiendeshwa nusu kwa lugha hiyo.

Hata misheni za zamani zilianza hivyo. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika habari za wanawake waliokuwa wameuzwa na kuuzwa tena katika biashara ya watumwa ya nchi hizi, wakapata hifadhi kwenye vituo vya Wamoravian kama Utengule. Wenye ng'ombe na vyeo walikaa mbali wakitazama, na waliohamia kituoni mapema walikuwa wale wasio na pa kwenda. Wakuu wa leo wa makanisa hayo ni wajukuu wa mchanganyiko huo, ingawa si wote wanaopenda kukumbushwa.

Sasa nenda ukajitambulishe, na usianzie kwa Mkuu wa Wilaya. Anza kwa mchungaji wa ushirika wa Moravian, kisha wa usharika wa KKKT, kisha paroko au katekista wa kigango. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, bila kamera. Mwambie: «Baba Mchungaji, nimekuja kukaa hapa. Kanisa letu ni hili, mafundisho yetu ni haya. Sikuja kuchukua kondoo wako, ila najua wengine watakuja wenyewe, na wakija nitakuletea taarifa.» Atanuna au atacheka. Vyovyote vile, siku jambo litakapotokea atakuwa amekwisha kuiona sura yako.

Jambo lenyewe mara nyingi ni ubatizo. Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki hubatiza watoto wachanga. Wewe pengine unabatiza watu wazima kwa maji mengi, mtoni. Ukimbatiza kijana wa miaka 20 ambaye bibi yake ana picha ya ubatizo wake ukutani, umewaambia watu wa nyumba ile kwamba ubatizo wao wote haukuwa kitu. Sikushauri uache imani yako. Nakushauri uiseme mapema, kwa mzazi na kwa mchungaji wa zamani, na usimbatize mtu kabla hajaenda mwenyewe kuaga kanisa lake. Kanisa likimpa barua ya uhamisho, vizuri. Lisipompa, angalau aliaga. Anayeondoka kimyakimya hurudishwa na ukoo wake kwa kelele.

Na wake wengi? Amua kabla ya siku ya kwanza, uandike, usibadilishe kwa kuangalia sura ya mtu. Makanisa yameangukia pande zote za swali hili tangu siku za African National Church. Mimi naona si haki kumwambia mwanamke wa tatu mwenye watoto wanne arudi kwao ili mumewe abatizwe. Wewe waweza kuona vingine. Kibaya kuliko yote ni kumkubali mwenye shamba kubwa la chai na kumkataa asiye nalo.

Tuje msibani, na hapa nitakaa.

Mtu akifariki Rungwe habari hufika kabla ya simu. Kabla jua halijapanda wanawake wamekwisha kuingia ndani kwa mfiwa, wamekaa chini, pengine juu ya majani makavu ya migomba yaliyofunikwa mkeka. Wanaume wako nje, wengine wanagawana zamu ya kuchimba. Kuna meza ndogo na daftari, na mtu mwenye mwandiko mzuri anaandika: jina, kitongoji, shilingi ngapi, ndizi mikungu mingapi, mchele kilo ngapi. Daftari hilo halitupwi. Miaka kumi baadaye litafunguliwa kuona huyu aliyefiwa leo alileta nini siku ile. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliona umuhimu wa maziko hadi akaandika juu yake kwa urefu. Mengi yamebadilika tangu wakati wake, lakini uzito wa siku hiyo haujapungua.

Katikati ya watu hao litaulizwa swali: marehemu alikuwa wa wapi? Hawaulizi kijiji. Wanauliza nani atasimama kaburini. Kama marehemu alikuwa mshirika wako, na ukoo mzima ni Moravian, na kanisa lako lina watu 15, hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kanisa la zamani linaweza kusema aliondoka mwenyewe. Ukoo unaweza kusema mchungaji wa juzi hatamzika mtoto wetu. Wengine watataka nyimbo za Kinyakyusa ambazo kwaya yako haizijui. Nimeona wachungaji wazuri wakibishana juu ya kipaza sauti huku mwili uko sebuleni, na sijui hoja gani ya mafundisho inayoweza kuifuta picha hiyo kwenye vichwa vya wafiwa.

Kwa hiyo jiandae wakati hakuna aliyekufa. Hudhuria misiba ya watu wasio wako tangu wiki ya kwanza. Kaa na wanaume nje, chimba zamu yako, andikwa kwenye daftari kwa jina lako na kwa jina la kanisa. Usiombe nafasi ya kusema. Ukipewa, sema kwa dakika tatu na ukae. Usimwite mtu atubu kando ya kaburi ambalo si wewe uliyealikwa kuliongoza, hata moyo ukikusukuma namna gani. Fundisha kwaya yako nyimbo tano au sita za maziko ambazo kila bibi wa Rungwe anazijua, kwa Kinyakyusa, bila kuzichezesha kinanda. Fanya makubaliano na mchungaji wa Moravian na wa KKKT, ikiwezekana kwenye kikao cha wachungaji wa eneo, kwamba ukoo ukigawanyika ninyi mtasimama pamoja: mmoja atasoma, mwingine atahubiri, mwingine atabariki. Na waambie washirika wako waiseme nia yao kwa ndugu wangali hai, mbele ya watu, siyo kwenye karatasi iliyofichwa sandukuni.

Baadhi ya makanisa mapya huwakataza waumini kula chakula cha msiba au kulala matanga, kwa hofu ya mila. Chambua. Kama kuna tendo la kumtambikia marehemu, mwumini wako akae pembeni bila matusi. Lakini ndizi zilizopikwa na jirani hazina tambiko lolote. Ukimkataza mwanamke kulala msibani kwa shemeji yake, umemtoa kwenye ukoo, na siku mtoto wake akiugua usiku ni ukoo utakaombeba hadi Hospitali ya Makandana, siyo wewe.

Kuhusu fedha za mwanzo, watu wengi hununua spika. Nunua turubai kubwa na viti vya plastiki mia moja. Tukuyu mvua hunyesha karibu nusu ya mwaka au zaidi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kukodi turubai kunamgharimu mfiwa. Tangaza kwamba turubai la kanisa linaazimwa bure kwa msiba wowote, wa Mkatoliki, wa Mwislamu, wa asiye na dini. Weka kijana wa kulipeleka na kulirudisha. Andika jina la kanisa pembeni kwa rangi, herufi ndogo. Baada ya masika mawili hutahitaji kujitambulisha kwa mtu.

Spika zenyewe zina hasara nyingine. Nchi hii ni ya milima na mabonde, sauti inayotoka mlima huu hulala kwenye mlima wa pili. Mkesha wako wa Ijumaa unamfikia mzee anayeumwa aliye mbali, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinampa haki ya kulalamika. Zima saa nne usiku. Imba bila umeme. Wamoravian na Walutheri wana tarumbeta zao za siku nyingi, na hakuna anayewalalamikia, kwa sababu wanajua lini wapulize na lini wanyamaze.

Kiwanja kina mitego yake. Ardhi ni haba, na sehemu kubwa ni mashamba ya urithi ambayo ndugu wote wana sauti humo. Kijana anayekuuzia robo eka kwa bei nafuu pengine hajawaambia dada zake. Tazama pia makaburi: watu wengi huzikwa karibu na nyumbani, na kiwanja chenye migomba mizuri kinaweza kuwa na babu watatu chini yake. Kijijini, hakikisha halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji wameridhia kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka, na mashahidi wa mipaka wawe majirani wa pande zote nne. Mgogoro ukitokea, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji kabla ya wakili wa Mbeya.

Jenga kwa matofali ya kuchoma, kidogo kidogo, na uweke dari mapema. Wengi huacha dari kwa kubana matumizi. Mvua ya Aprili ikipiga bati tupu mahubiri yanakwisha hapo hapo, watu wanatazamana tu hadi mvua ikatike.

Makaratasi nitayapitia kwa kifupi. Kama unatoka kwenye dhehebu lililosajiliwa, beba barua ya makao makuu na uipeleke kwa Mkuu wa Wilaya, ofisi ya kata na ya kijiji. Kama ni kanisa jipya kabisa, usajili uko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Vyama: waanzilishi wasiopungua 10, katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, wasifu wa viongozi, na barua ya Mkuu wa Wilaya. Mali isimamiwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la wadhamini hao, kamwe isiandikwe kwa jina lako wala la mkeo. Ndoa nayo: kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mchungaji asiye na leseni haruhusiwi kufungisha ndoa, na tangazo la siku 21 lazima litolewe. Kabla hujapata leseni, wapeleke wachumba kwa mchungaji aliye nayo. Ni fursa nyingine ya ujirani.

Katiba isiwe ya kunakili. Iseme wazi nani anaweza kumwondoa mchungaji, nani anaweza kuuza, makao makuu ni wapi na yanahamishwaje. Dayosisi ya Konde ya KKKT, yenye historia ndefu kuliko makanisa mengi mapya nchini, iliingia kwenye mgogoro mkubwa ambao kiini chake kimoja kilikuwa kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Mwaka 2022 ulifikia mkutano mkuu maalumu na askofu mwingine akachaguliwa. Kama kanisa lenye vyombo vyote vile linaweza kuyumba kwa swali la ofisi iko mji gani, kanisa lako la watu 40 lenye katiba ya kurasa mbili litayumba kwa swali la nani anashika ufunguo.

Uponyaji na uchawi ni eneo ambalo sitalainisha maneno. Usimtaje mtu kuwa mchawi, wala usimruhusu «nabii» mgeni afanye hivyo kwenye madhabahu yako. Ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na zaidi ya sheria, bibi anayetajwa ana wajukuu, na Rungwe wajukuu hao wanakaa jirani. Pili, Mkoa wa Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU nchini. Mgonjwa akikuambia ameponywa, furahi naye, umsindikize kliniki, aendelee na dawa zake hadi daktari aseme. Mchungaji anayemwachisha mtu dawa anamuua.

Mapato. Sadaka ya kijijini huja kwa msimu na huja kwa mikungu. Mnada wa baada ya ibada si mchezo wa makanisa ya zamani tu. Mkungu wa ndizi uliotolewa na mjane hupanda kutoka shilingi elfu tano hadi elfu ishirini kwa sababu watu wanataniana, na aliyeshinda anaurudisha kwa mjane. Iga. Lakini usitegemee mnada kumlisha mchungaji. Alime. Parachichi la kupandikiza huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi, chai huchukua muda lakini huchumwa karibu mwaka mzima. Huko Kyela mmisionari wa Kibaptisti Doug Knapp aliingia kama bwana shamba: alifundisha kilimo na kuhubiri, na makanisa mengi yakazaliwa kwenye vijiji vya bonde lile. Watu walimwona ana jembe kabla hawajamsikia akihubiri.

Kubwa zaidi katika fedha ni hili: panga siku ya kuondoka. Mei 1916 majeshi ya Uingereza yalipanda kutoka Nyasaland na kuutwaa mji wa Tukuyu, uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kwa mbali, lakini wachunga kondoo wa kila siku walikuwa walimu na wazee wa Kiafrika, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ya Dunia ikawaondoa tena. Mara zote mbili waliorudi walikuta makanisa yapo, na pengine yakiwa na watu wenye msimamo zaidi kuliko waliowaacha. Huo ndio mtihani. Ndani ya mwaka wa kwanza wafundishe watu watatu wenyeji, mmoja wao mwanamke, kuhubiri, kuzika na kutunza daftari la fedha. Wape zamu ukiwapo. Kisha safiri mwezi mzima, uzime simu.

Ukishatembea ukakuta kijiji kimoja kina makanisa matano na wewe unataka kuweka la sita kwa sababu tu kiwanja kimepatikana, acha. Vuka bonde, nenda kwenye kambi ya wachuma chai, au mwombe mchungaji aliyepo akupe kitongoji ambacho mwinjilisti wake hakifikii. Kumtumikia Kristo chini ya bango la mwingine si aibu.

Na ombi kwenu mnaotuma fedha kutoka Dar es Salaam, Mbeya mjini au ng'ambo: lipieni kwanza usajili, hati, dari na turubai. Vyombo vya muziki vije mwisho, na mshahara wa mchungaji uwe na tarehe ya kukoma iliyoandikwa, ambayo yeye na washirika wake wameiona na kuisaini.